Bomba Tulilolichora kwa Mkaa

Mjukuu wangu Veronika,

Shikamoo yako ya kwenye simu nimeipokea, marahaba. Huku Kinole tu wazima. Mama yako anaanika mdalasini, na mjomba wako amehamia Mafiga.

Umeniuliza ufanyeje, maana wateja wenu hukubaliana vizuri kikaoni, lakini mfumo wa kompyuta mnaowatengenezea ukikamilika kila mmoja anasema hakutaka hivyo.

Nilipoolewa hapa, kijiji kizima kilitaka bomba la maji liwe karibu. Tulikubaliana kwa makofi. Fundi wa maji akatugawia mkaa, akasema, "Hebu kila mmoja anichoree ukutani hilo bomba litakapokaa."

Mimi nikalichora kando ya nyumba yangu. Wanaume wakalichora sokoni. Mama mkwe wangu, aliyekuwa mkunga wa zahanati, akachora kitanda cha kujifungulia, na bomba mlangoni.

"Kumbe bado hatujakubaliana," akasema fundi, wala hakucheka.

Tulibishana mbele ya ukuta ule mpaka jioni, tukifuta na kuchora upya. Mwishowe bomba likajengwa mlangoni pa zahanati. Mama yako alizaliwa hapo, akaogeshwa kwa maji ya mlangoni.

Jaribu kuwapa wateja wenu kalamu wachore, mama. Wakianza kubishana usiogope. Sisi tulibishana, tukapata maji.

Akuombeaye kila siku,
Bibi Agata