Presha Mbele ya Wakwe

Endebess, Kitale
12 Machi 2006

Kwa ndugu yangu mkubwa Khaemba,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako. Wewe na shemeji mko wazima? Miwa ya Kabuchai imepata mvua? Mimi naendelea vizuri, ila nimechoka. Bado nashona magunia ya mahindi nikiwa kwenye kiti changu cha magurudumu.

Ulisema mtu aliyevunjika mgongo hawezi kupewa mke. Basi Jumapili iliyopita wazazi wa Peris, mchumba wangu, walitoka Myanga kuja kunitazama. Nesi alishanionya kwamba presha ya damu yangu haijui tena kupanda wala kushuka kwa kiasi, kwa hivyo niinuliwe polepole. Lakini baba yake, Mzee Mukhisa, alipobisha, niliona aibu mkwe anikute kitandani. Nikamwambia Peris anikalishe kwenye kiti haraka. Nikasema karibuni, nikazimia.

Peris akakilaza kiti kinyumenyume, akainua miguu yangu juu. Nilipofungua macho, nyayo zangu zilikuwa zinamtazama mama mkwe, na unajua kwetu hata kumpa mkono ni mwiko. Mama alijifunika uso kwa leso, akakimbilia nje akiuliza kwa sauti kama ukoo wetu husalimia wakwe kwa miguu.

Nikakalishwa tena. Mara kichwa kikaanza kunigonga, uso ukalowa jasho. Mzee akasema huyu ana pepo, tuombe, akafumba macho. Peris akamwambia, baba, maombi yangoje. Akanilegeza mshipi, akapapasa, akakuta mpira wangu wa mkojo umebanwa na gurudumu. Akaunyoosha, maana mkojo ukizuiwa presha yangu hupanda. Mkojo ukateremka kwenye mfuko mbele ya mzee, na pepo akatoka.

Mzee akamuuliza binti yake amejifunzia wapi mwili wa mwanamume ambaye hajamuoa. Nilitamani nizimie tena, presha ikakataa. Nikasema ukweli, na wewe pia ujue: tunaishi pamoja tangu mavuno. Nguo zake zote ziko hapa.

Nilingoja fimbo. Mzee akasema kama msichana wake ameweza kukaa na mtu anayekufa na kufufuka kabla ya chai kuiva, yeye hana la kuongeza. Anataka tu wazee wetu waje kumposa Peris kabla ya Pasaka. Wasipokuja, atamrudisha Myanga.

Baba hayupo, ndugu yangu. Mzee wangu ni wewe. Njoo.

Wasalimie watoto na majirani. Peris pia anakusalimu. Tayari anakuita shemeji, na mimi simkatazi.

Ni mimi mdogo wako,
Wangila