Nywele za Mama

Jumatatu, 5 Machi 2001
Nimefundisha kipindi cha mwisho: seli, Kidato cha Tatu. Nimerudi nyumbani, Mama hayupo. Nimemkuta shambani kwa jirani, anaita kuku wa bibi yake aliyekufa zamani. Baba Mdogo anasema anawanga. Anawanga mchana kweupe? Mjinga!

Jumatano, 7 Machi
Baba Mdogo kaja tena kutoka Maguu. Anataka Mama apelekwe kwa mganga anayenyoa wachawi. Kisa? Tangu chama cha ushirika kife na wanunuzi binafsi waingie, kahawa yake haina bei. Mchawi ni Mama! Nilimpa shikamoo yake, lakini kwa meno.

Nikamweleza alichoniambia daktari aliyempima Mama. Protini ikikunjika vibaya, seli huitia alama na kuikatakata. Mabonge makubwa hufungwa kwenye vifuko, yakameng'enywa, seli ikajilisha tena. Kama ngoro zetu, mashimo ya kulimia mlimani: unafyeka nyasi, unazipanga, unazifukia, zinaoza, maharage yanakula. Ubongoni mwa Mama kazi hiyo imezidiwa. Uchafu umerundikana, seli zinakufa. Uchawi uko wapi hapo?

Kanijibu, "Umesema mwenyewe ana uchafu. Basi uondolewe."

Nilitamani kumeza ulimi wangu.

Jumamosi, 10 Machi
Nilikuwa shuleni nasahihisha mitihani. Wamemchukua. Baba Mdogo na kaka yangu Festo, kwa pikapu ya mnunuzi wa kahawa. Festo! Tumbo moja!

Jumapili, 11 Machi
Wamemrudisha. Kipara. Chale za wembe utosini, dawa nyeusi imemtiririka hadi shingoni. Eti sasa ametakata. Nimemtimua Baba Mdogo kwa mchi, watu wanatoka misa wanatazama. Mwalimu mzima. Sijuti hata chembe. Festo hakushuka garini.

Jumatano, 14 Machi
Manyunyu. Mama anapapasa kichwa kila asubuhi. "Tumefiwa na nani, mwanangu?" Kwetu mwanamke hunyolewa akifiwa. Nikimwambia hatukufiwa, haamini. Anasahau, anauliza, analia upya.

Leo nimechoka. Nimemjibu, "Baba Mdogo."

Mama kalia kidogo. "Maskini shemeji yangu. Alikuwa mtu mwema."

Nimempaka mafuta kichwani, polepole, nikikwepa chale. Kaniambia niinjike maharage, waombolezaji wasikae na njaa.

Nimeinjika.