Mjomba Aliyebaki Msituni

Jumanne, 5 Machi 2024

"Chui milia husalimika pale tu mwanadamu anapofungasha virago." Hivyo kaandika Madhukar Thatte, mhifadhi mkuu mstaafu, gazetini wiki iliyopita. Uongo! Uongo uliopigwa pasi. Wabaiga, kabila la misitu hii ya India, waliishi humu na chui milia kabla babu yake Thatte hajajua kushika kalamu. Na hawakufungasha virago, walifungashiwa — kwa barua yenye mhuri na lori la serikali. Hilo Thatte halisemi. Nitamjibu kwenye safu yangu ya Jumapili. Nimemjibu mara tisa katika miaka kumi na saba. Sijawahi kuchapisha sahihisho hata moja.

Hiyo ndiyo hasira niliyopanda nayo treni kutoka Nagpur. Likizo yenyewe ni zawadi ya mdogo wangu, Shirish: hifadhi tatu, siku tisa, kiongozi, gari la wazi. Anasema nimefika miaka hamsini na nne nikimtetea mnyama ambaye sijawahi kumwona nje ya vyuma vya bustani ya wanyama. Kweli. Na watumwa je, kila aliyewatetea aliwahi kuwaona?

Tumefika Dongarpani. Kambi ina "hema" lenye bafu la marumaru. Orodha ya gari la kesho imebandikwa mapokezi: mimi, Shirish, na — nimesoma mara tatu — M. Thatte.

Jumatano, 6 Machi

Ni mfupi! Kwenye picha ya gazetini ana mabega ya nyati. Kanipa mkono katika gizagiza la alfajiri, amejifunga blanketi la kambi kama bibi harusi. "Bi. Deodhar! Adui yangu mpendwa. Utakaa mbele au nyuma?" Nikakaa mbele.

Saa nne nzima za vumbi. Magari kumi na saba yakifuatana. Tumeona tausi, paa wa madoadoa, kima, na migongo kumi na sita ya magari. Unyayo mmoja. Shirish ameupiga picha unyayo mara arobaini kwa lenzi iliyo ndefu kama bomba la kisima.

Faida ya leo ni kiongozi wetu. Sukarti Bai, Mbaiga, wa miaka arobaini hivi, chale za wino kwenye paji, shati la kaki juu ya sari. Beji yake anaifuta kwa ncha ya sari kila tunaposimama. Kijiji chao kilikuwa humo ndani, eneo la kiini ambako sasa ni marufuku mtu kuishi, mpaka walipohamishwa miaka kumi na sita iliyopita. Ilimchukua miaka miwili kuipata beji.

"Kwa nini ulihangaika hivyo?" nikamuuliza.

"Nipite kwetu, dada. Nikiwa na beji mimi ni kiongozi. Bila beji mimi ni mhalifu, na uga ni ule ule."

Nilitaka kumkumbatia. Thatte alikuwa anatazama ndege.

Jumatano alasiri hifadhi hufungwa. Nimemfuata Sukarti kwenye kibanda cha chai nje ya lango. Na hapo — dhahabu! Ninukuu vizuri, nisisahau neno:

"Sisi tulihamishwa, dada. Mjomba alibaki."

"Alibaki? Ndani? Serikali inajua?"

"Mjomba na serikali wapi na wapi! Analala barazani kwetu mpaka leo. Kisima chetu ndicho anachonywea."

"Jina lake nani?"

"Hatumtaji jina." Kwa adabu kabisa, macho chini. Heshima kwa wakubwa. Nilielewa mara moja.

"Ni mzee?"

"Kiasi. Jino moja limevunjika."

"Anakula nini huko?"

"Nyama, dada. Ale nini kingine?"

"Na wanyama wakali hawamgusi?"

Sukarti aliweka kikombe chini. "Nani amguse, yeye?"

Mzee mmoja, kapuku, kibogoyo nusu, kaishinda idara nzima. Thatte amekwisha.

Ijumaa, 8 Machi

Mahashivratri, sikukuu ya mungu Shiva. Kambi nzima imefunga, inakula sabudana, zile punje za wanga, na viazi kana kwamba ni adhabu. Mimi nimekula mayai. Safu imetumwa. Kichwa: "Mjomba Mmoja Dhidi ya Thatte." Nimeandika habari za Sukarti, baraza, kisima, jino. Nimemaliza kwa kishindo. Nimemsomea Shirish.

"Huyo mzee umemwona, dada?"

"Kuona ni kazi ya kamera yako. Imeona nini mpaka sasa?"

Akarudi kufuta lenzi. Ndugu mzuri.

Jumapili, 10 Machi

Hifadhi ya pili, Selwan; Thatte naye yumo katika safari hii hii. Safu imetoka! Simu inatetemeka tangu asubuhi. Profesa mmoja wa Pune ameibandika kwenye ukuta wa darasa lake. Mwanafunzi mmoja anataka kumfanyia utafiti Mjomba. Mhariri kaniandikia neno moja: "Moto."

Thatte ameisoma wakati wa kifungua kinywa, juu ya sahani ya poha, mchele wa kupondwa. Akasoma tena. Akavua miwani. Mabega yakaanza kutikisika. "Hoja nzito, Bi. Deodhar," akasema, machozi yakimtoka. "Nzito sana. Yapata kilo mia mbili." Akatoka nje na chai yake, akicheka peke yake kwenye bustani.

Nimemwonea huruma. Kushindwa uzeeni ni kubaya.

Jumatatu, 11 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi. Kima wakapiga kelele juu ya miti, paa wakaganda. Kiongozi wa hapa Selwan — mzee mnene aitwaye Budhram — akamshika dereva bega. "Simamisha. Mjomba! Mjomba yule, kushoto!"

Nikageuka kushoto. Nikatafuta mtu. Naapa, nilitafuta mzee mwenye kilemba na fimbo. Nikasema kwa sauti, "Mjomba wa nani?"

Akatoka kwenye nyasi. Rangi ile hakuna anayeiandika sawasawa. Hakututazama. Alivuka njia kama mwenye nyumba anayepita sebuleni kwake, wageni wamejaa, yeye anatafuta sandali. Kisha hakuna. Shirish hakupata hata picha moja — kifuniko kilikuwa kwenye lenzi.

Halafu Thatte, taratibu, bila kucheka safari hii: "Ni adabu ya msituni. Ukimtaja jina, unamwita. Kwa hiyo wanasema Mjomba. Kila askari wa hifadhi anajua."

Nilikuwa nimesoma! Nilishasoma kwamba watu wa mikoko ya Bengali humwita hivyo. Nina kitabu chenyewe nyumbani, nimekipigia mistari. Nina vitabu elfu nne.

"Ulijua tangu jana asubuhi," nikamwambia.

"Nilijua. Nilitaka kufurahi siku moja tu, baada ya miaka kumi na saba."

Saa sita simu kutoka Dongarpani. Sukarti. Anaongea kama mtu anayeomba radhi. Ofisa wa hifadhi ni mgeni, amehamishwa kutoka mjini mwezi uliopita. Kasoma gazeti. Kuna mtu anaishi eneo la kiini, anakula nyamapori, na kiongozi mwenye beji anamficha. Ametuma askari sita na mbwa kumsaka mjomba. Sukarti kanyang'anywa beji.

"Lakini si umwambie tu ni nani!"

"Nimemwambia ni Mjomba. Anasema taja jina. Nimesema hatumtaji. Anasema, 'Mnaona? Anamficha!'"

"Sukarti, mtaje. Mara moja tu."

"Dada, askari sita wako kule kwetu kwa miguu. Nimtaje sasa hivi?"

Tumekodi gari la kurudi. Thatte kapanda bila kuombwa.

Jumanne, 12 Machi

Dongarpani, ofisi ya hifadhi, saa tatu asubuhi. Askari wamerudi wote, salama. Wameleta ripoti: hawakumkuta mshukiwa, wamekuta mahali anapolala, barazani, nyasi zimelala, mifupa ya paa. Wameandika "mshukiwa." Wanajua wote! Lakini aliyewatuma kauliza habari za mtu, nao wanajibu walichoulizwa. Mmoja aliinamisha uso kwenye kofia.

Nimemweleza ofisa. Thatte amemweleza, kwa cheo chake chote cha zamani. Ofisa ni kijana mstaarabu, katunywesha chai. "Mama, ninakuamini. Lakini kilichochapishwa ni mtu. Kimefika wizarani. Mpaka gazeti hilo hilo likanushe kwa maandishi, faili linabaki wazi. Na faili likiwa wazi, beji inabaki kwenye droo."

Nimempigia mhariri. "Sahihisho? Wewe?" Anasema nikileta kabla ya saa saba, linatoka kesho, ukurasa wa mbele. Kwa furaha iliyoje, mwana wa haramu yule.

Sasa tuko kwenye benchi nje. Sukarti katikati, mimi na Thatte pembeni. Thatte hakuweza kuvumilia: "Lakini kubali, Bi. Deodhar. Watu waliondoka, yeye akaingia nyumbani. Nilisema nini mimi?"

Sukarti akamgeukia. "Nani kakwambia aliingia tulipoondoka, mzee? Alikuwa analala nyuma, kwenye mianzi. Sisi mbele. Mama yangu alikuwa anakohoa kabla ya kwenda kuteka maji, ili apishe. Tulipohama akasogea barazani. Nyumba haina mtu, afanyeje?"

"Hilo sikulijua," akasema Thatte. Mara ya kwanza katika miaka kumi na saba! Kalamu ilinirukia mkononi —

"Hilo usiandike, dada," akasema Sukarti. "Watalii wakijua tulizoea kukohoa, watataka kuja kukohoa nao. Andika la beji tu. Usiongeze kitu."

Usiongeze kitu. Kwangu mimi!

Rasimu ya kwanza: sentensi ishirini na mbili. Sukarti hasomi Kimarathi, lugha ya gazeti letu. Kahesabu mistari kwa kidole, akatikisa kichwa. Ya pili: kumi na moja. Thatte kafuta neno "hata hivyo" mara tatu. Hii ni ya tano.

"Umemtaja jina humo?" kauliza Sukarti.

"Nimemtaja. Lazima."

Akacheka mara ya kwanza tangu jana. "Basi nikirudi kazini, wewe kiti cha nyuma."

Ofisa amefungua mlango, anatazama saa. Naisoma mara ya mwisho:

"Jumapili niliandika kwamba kuna mzee anayeishi ndani ya hifadhi ya Dongarpani. Hakuna. Sukarti Bai aliniambia ukweli, nami sikuelewa neno. Mjomba ni chui milia. Kosa ni langu lote. Profesa wa Pune, bandua ile safu ukutani. Ninyi mlionipongeza, chukueni pongezi zenu, mniachie aibu yangu. Na wewe, Bwana Ofisa, fungua droo: mpe Sukarti Bai beji yake leo, kabla ya zamu ya kesho alfajiri."