Ushahidi wa Binti wa Mpiga Baruti

Shikamoo Baba,

Juzi nilisimama kizimbani Dar es Salaam. Ulipotuacha nilikuwa bado chuoni, nawe uliwatambia majirani wa Kalangalala kwamba binti yako anasomea samaki wanaonyonyesha. Walikucheka. Basi hao pomboo ndio walionifikisha mahakamani. Kuna kampuni inatafuta mafuta baharini. Meli yake hupiga mishindo chini ya maji ili mwangwi uonyeshe yalipo mafuta, mmoja baada ya mwingine, mchana kutwa, kwa majuma. Wanakijiji wa pwani wameishtaki kwamba inawadhuru pomboo, nami nilikuwa shahidi wao.

Wakili wa kampuni alianza kwa upole. "Kwenu Geita. Bahari uliiona lini mara ya kwanza?"

"Nikiwa na miaka kumi na tisa."

Watu wakacheka. Kisha akanikaribia. "Umewahi kumwona pomboo hata mmoja aliyeuawa na mshindo huo?"

Nilikuwa nimeapa. "Hapana."

Akamgeukia jaji akitabasamu. Wakili wetu akainamisha kichwa.

Hapo nikakukumbuka, Baba. Miaka ya kulipua miamba machimboni ilikuziba masikio, tukawa tunagonga meza ili ututazame. Nikaikumbuka siku ile ya likizo, mjini Katoro. Ulikuwa unavuka barabara na viatu ulivyoninunulia. Lori linapiga honi, mimi napiga kelele, "Baba! Baba!" Wewe unanionyesha viatu, unacheka.

"Mheshimiwa Jaji, naomba niongeze," nikasema. Wakili akapinga. Jaji akaniruhusu.

"Baba yangu alikuwa mpiga baruti. Baruti haikumuua. Alikufa kwa lori ambalo hakulisikia. Pomboo hutafuta chakula kwa kusikia. Mtoto wake humfuata mama kwa kusikia. Mkimngoja afe siku ya mshindo, hamtamwona."

Hakuna aliyecheka.

Leo asubuhi jaji ameizuia meli mpaka kesi iishe. Kampuni inasema itakata rufaa, na huenda tukashindwa huko. Bado naogopa.

Nilimpigia Mama nikamweleza yote, hata lile nililomficha miaka yote: kwamba siku ile huenda sikupaza sauti vya kutosha.

"Kabula," akasema, "kumbe ulikuwa umebeba hilo peke yako? Hata ungekuwa radi, mwanangu, asingekusikia."

Nililia palepale kwenye ngazi za mahakama, Baba, watu wakinipita. Kisha nikajifuta uso, nikaenda kula.

Pumzika salama.

Binti yako,
Kabula