Kuwapima Watu wa Mawe na Mti

Jumatatu, 4 Machi

Tenda ya makumbusho nimepata! Sanamu zinahamia jengo jipya, kila moja inataka kifuniko chake cha kitambaa. Mtunzaji, baba mpole mwenye miwani, alitaka kunipa vipimo vya karatasi. Nikamwambia mimi sishonei karatasi. Nikatoa futi yangu ya kupimia.

Ya kwanza haizidi kidole gumba. Mwanamke wa jiwe — tumbo, matiti, mapaja, uso hana. Ni wa kabla watu hawajajua kulima. Jamani! Mtu hana shamba, hana nyumba, lakini ameketi chini kumchonga mwenzake. Nilimweka kiganjani nikashindwa kumrudisha.

Jumanne, 5 Machi

Leo watu waliochongwa kwenye vibao vya mawe. Mabega yanakutazama, miguu inakwenda pembeni. Nilijaribu kusimama hivyo, kiuno nusura kiteguke. Mtunzaji alicheka mpaka akavua miwani.

Halafu mwanamume wa marumaru. Kulia sawasawa na kushoto. Eti wachongaji walipiga hesabu kwanza ndipo wakachonga. Miaka ishirini na sita napima watu, mwili huo haujapita mlangoni kwangu. Lakini mishipa ya mkono ule! Nilibaki mdomo wazi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo lazima niandike.

Sisi mafundi tuna haraka — tunapima upande mmoja, tunazidisha mara mbili. Ndivyo nilivyompima bibi wa mti, sanamu yenye kimo kama changu. Kifuniko kikakataa kuingia. Nyonga ya kushoto iko juu, mguu mfupi. Nikasema mchongaji kakosea.

"Tazama kisigino, mama," mtunzaji akasema.

Kisigino hakigusi chini. Na shavu la mguu wa pili limejaa, kwa kubeba kazi ya miguu miwili. Mchongaji hakukosea. Alimtazama mtu huyu siku nyingi, akampenda, akamwacha alivyo.

Nikalia mbele ya mtunzaji, mwanamume wa watu. Binti yangu ana nyonga hiyo hiyo! Tangu utotoni nampima kulia tu, nazidisha, kushoto napachika sponji ndani ya gauni. Watu wananisifu, haionekani kabisa. Ana miaka ishirini na moja, hana picha hata moja akiwa amesimama. Nilidhani namsitiri, kumbe namfundisha aibu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempeleka binti makumbusho. Alikataa, nikamdanganya nataka wa kunishikia pini. Alimzunguka bibi wa mti, akachuchumaa kwenye kile kisigino. Akauliza kama yule mama alijua anachongwa. Mtunzaji akajibu kwamba lazima alijua, kazi ile ni ya miezi.

Nyumbani binti akabadili nguo, akalileta gauni alilolivua mezani kwangu, limegeuzwa ndani nje.

"Kwa nini ulinificha, mama?"

Nikasema niliogopa watu watamcheka.

"Hawajawahi kuniona. Wangenichekaje?"

Sasa ameketi mbele yangu na mkasi mdogo, anafumua sponji. Nimemwomba aniachie nifumue mimi, hataki. Mshono wangu ni mgumu, niliupitisha mara mbili. Bado yuko kwenye uzi wa kwanza.