Kibati cha 64

Mpendwa dada Zuhura,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti hapa Matombo, katikati ya mikarafuu yako, ingawa tangu tukuzike hakuna wa kuniitikia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikata kopo la mafuta, kibati kimoja kwa kila mti? Nilikuwa nimetoka mjini na spana zangu za bajaji mfukoni, najiona fundi. Ukaniambia miti ni mia mbili arobaini, na vibati ni vidogo, kila kimoja kinabeba alama mbili tu za kugonga kwa msumari. Ndiyo maana uliandika skripti kwenye ile kompyuta yako kuukuu: unaipa namba ya kawaida ya mti, inakurudishia ya heksadesimali, ile hesabu inayokwenda kwa kumi na sita na kuazima herufi A mpaka F. Mti wa 240 ukawa F0. Nikakucheka.

"Si uandike mia mbili arobaini, watu tukaelewa?"

"Haya, gonga wewe," ukasema, ukanipa msumari.

Ulinifundisha pia. Ulisema nikichapa 100, kompyuta huiona ni maandishi tu, kama jina la mtu. Lazima kwanza uiambie hii ni namba, ndipo iweze kuigeuza. Mimi nilikuwa naangalia simu.

Mwezi uliopita nilifungua daftari lako la mavuno. Mti wa 64, umeandika, haujazaa misimu mitatu. Ukatwe, upandwe mwingine. Nikaona angalau hilo nikufanyie. Nikazunguka na shoka mpaka nikakuta kibati cha 64. Hakikuwa na herufi hata moja, kwa hiyo sikujiuliza. Nikaukata. Ulikuwa mti mnene, dada, nilitoka jasho.

Kesho yake nikawasha kompyuta yako nitengeneze kibati cha mche mpya. Nikachapa 64, ikatoka 40. Nikakumbuka ile 100 uliyonifundishia. Nikachapa 100, ikatoka 64. Nikarudi kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, mwandiko wako: "100. Mti wangu. Baba aliupanda siku niliyozaliwa."

Nililia. Niliona kama nimekuzika tena, safari hii peke yangu.

Mama hajui. Tangu adhoofike anakaa kwangu mjini, na kila siku anasema akipata nguvu atakuja akae chini ya mti wako. Jumamosi namleta. Nisikufiche, nilikichomoa kile kibati nikakipeleka kwenye mti ulio jirani, maana yote inafanana na macho ya mama si yale. Nikanyanyua nyundo. Nikaishusha.

Nimekirudisha kwenye kisiki. Pembeni pake kuna mche ulioota wenyewe kutokana na mbegu za mti wako. Nimeuzungushia fito mbuzi wasiufikie. Nimekata na kibati kipya, hakijaandikwa kitu.

Jumamosi nitamwambia mama mwenyewe, kabla hajauliza. Akishamaliza kulia, nitampa kibati na msumari, aseme yeye kiandikwe nini. Atakachosema, nitagonga.

Pumzika, dada. Nisamehe.

Mdogo wako, yule aliyekuwa anaangalia simu,
Shabani