Pua ya Mzee Kaaya

Jumatatu, 3 Machi

Itambulike kwa wote wenye mamlaka na wasio nayo kwamba leo asubuhi birika la umeme la maabara limefukuzwa kazi. Lilihudumu kwa uaminifu. Halikuwahi kuchelewa wala kuomba ruhusa ya msiba. Limetolewa nje likining'inia kwa waya wake, mbele ya wafanyakazi wote, yaani sisi watatu.

Aliyelifukuza ni Madam Winfrida, mkuu wetu mpya, binti wa Machame. Koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Kasema humu ndani hakuliwi, hakunywewi, hakupakwi mafuta ya midomo. Mzee Kaaya kamwitikia "Sawa, mama" kama mtu anayemsikiliza mtoto akikariri shairi. Mzee ndiye fundi wa vimelea hapa tangu maabara ifunguliwe. Anastaafu Juni.

Kisha Madam akageukia kabati la usalama. Ni dude la chuma na kioo. Likiwaka linavuta hewa na kuichuja, unafanya kazi mikono ikiwa ndani na uso ukiwa nje. Ila haliwaki. Lilikufa zamani, tunasubiri fundi kutoka Dar. Katika kusubiri nimelivisha kitambaa cha kufuma, maua ya pinki, na ndani naweka vikombe, sukari na mwavuli wangu. Madam alifungua, akaitazama sukari. Akafunga. Hapo ndipo nilipochukia.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Meru haionekani, kama haijawahi kuwepo.

Nimepika media mbili. Hiyo ndiyo kazi yangu: dirishani napokea sampuli, jikoni nawapikia vimelea chakula. Unga wa agari, maji, damu ya kondoo. Vinakula vizuri kuliko wanangu. Sikusomea. Niliajiriwa kufua makoti, na bado nayafua, ila nikawa natazama. Ukitazama kimya kimya watu husahau kukufukuza.

Mzee Kaaya kanusa tena leo. Kila asubuhi anatoa sahani za vimelea kwenye inkubeta, sanduku la joto vinamoota, ananyanyua mfuniko, anasogeza pua. Huyu zabibu. Huyu samaki wa jana. Ndivyo walivyomfundisha walimu wake, na wao ndivyo walivyofundishwa. Maabara nyingine zina mashine. Sisi tuna pua.

Mchezo wa kumpima niliuanzisha mimi. Naficha lebo kwa kidole gumba, yeye ananusa, anataja mdudu. Akikosa, maandazi juu yake. Hajawahi kunilisha maandazi.

Madam katukuta.

"Shikamoo, Mzee. Naomba tuache kunusa."

"Marahaba, mwanangu. Hii pua ilikuwa kazini wewe hujaota meno."

Tulicheka. Mimi kuliko wote. Madam akabandika karatasi ukutani: USINUSE SAHANI. Mzee kaisogelea, kaisoma, kainusa.

Jumatatu, 10 Machi

Foleni mpaka barabarani. Watu wa Kijenge wameamua kuumwa siku moja. Mama mmoja kaleta choo kwenye kopo la majarini, kalifunga kwa leso kama zawadi ya kipaimara. Kaniuliza kama kopo atarudishiwa.

Wakaja ndugu wawili wa Nduruma. Mkubwa ndiye mgonjwa, kakauka, anatembea kashika kiuno. Mdogo ndiye msemaji.

"Yeyo, huyu homa yake ni kama mgeni. Inakuja jioni, asubuhi imeaga."

Yeyo ni mama kwa lugha yao. Nikalainika. Akaendelea: na mbuzi nao mwaka huu wanatupa mimba, kila siku zizini kuna kitoto kimekufa, na huyu kaka ndiye anayewavuta kwa mikono mitupu. Nikamwambia hapa tunapima watu, mbuzi wapeleke kwa daktari wao. Kacheka sana. Mimi pia.

Mgonjwa katolewa damu, chupa ikaingia inkubeta. Habari ya mbuzi sikumwambia mtu. Nilikuwa na foleni.

Alhamisi, 20 Machi

Paka wetu, Madam, kaenda Moshi kwenye kikao.

Sahani tuliyopandia damu ya yule wa Nduruma imeota. Vitone vidogo vinang'aa, kama jasho juu ya mdomo. Vimechelewa kuliko wenzao. Nikaficha lebo, nikampa Mzee mezani pake.

Kanusa. Kanusa tena, pua ndani kabisa, nikahofia atarudi na media usoni.

"Mama Upendo, umenichezea. Hii haina kitu."

"Ina kitu, Mzee. Tazama hapo."

Kanusa mara nyingine, kwa hasira. Hakuna harufu. Kabisa. Nilikuwa nyuma ya bega lake nacheka mpaka machozi.

Pua imeshindwa! Nimekula maandazi mawili, uani, karibu na birika. Siku nzuri.

Jumatatu, 24 Machi

Madam karudi. Mzee kampelekea kioo alichopaka vitone vya ile sahani, akitazame kwenye hadubini, maana mdudu kamshinda jina. Madam kaangalia. Kaacha kuzungusha. Kaangalia tena.

Kauliza mgonjwa anafanya kazi gani. Mzee hajui. Kaniangalia mimi. Nikasema ana mbuzi. Nikasema mbuzi wanatupa mimba. Nilivyolisema kwa sauti halikuchekesha hata kidogo.

Hakupiga kelele. Kavaa glavu, kaifunga sahani kwa utepe, mfuko ndani ya mfuko. Kamwaga dawa mezani, katutoa nje wote. Ndipo akauliza nani aliifungua.

"Mimi," Mzee kasema. "Nilinusa. Nusa ndogo tu."

Nusa ndogo! Nilikuwepo.

Madam katueleza polepole. Huyu mdudu anakaa kwa mbuzi na ng'ombe. Hana haja ya kidonda wala mate, anapanda hewani ukifungua mfuniko, na pua ndiyo mlango wake. Anaweza kukaa mwilini wiki kadhaa kabla hajajitambulisha. Kasema kabati lingekuwa linawaka, kioo kingeizuia pua. Tukalitazama kabati. Kitambaa changu cha pinki kilikuwa kimenyooka vizuri.

Nimekitoa. Nimetoa na sukari.

Ijumaa, 28 Machi

Maabara kubwa, Madam alikopeleka ile sahani, wamejibu. Ndiye. Yule wa Nduruma kaanzishiwa dawa. Mdogo wake kapita dirishani kunishukuru. Bora angenitukana.

Mimi na Mzee tumepewa dawa za kinga. Vidonge vya aina mbili, kimoja chekundu. Mkojo umekuwa rangi ya soda ya chungwa. Madam alitutahadharisha, lakini kuambiwa si kuona.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ya kufua makoti. Yanapita kwanza kwenye mtungi wa mvuke, kisha beseni.

La Mzee limetoka na doa la chungwa kuanzia mfukoni hadi pindo. Nikakung'uta mfuko. Maganda ya vile vidonge vyekundu, yameyeyuka. Kumbe havinywi.

Nilimpelekea koti nyumbani kwa mwanawe, hapa hapa Kijenge. Hakukataa. Kasema vyekundu ndivyo wanavyopewa wenye kifua kikuu, kijiji chake kizima, Nkoaranga, kinavijua, na kinaujua mkojo wake. Kila Jumamosi jioni anapanda nyumbani huko. Ameshika uzee wa kanisa.

"Nistaafu waseme Kaaya anakohoa damu? Nakunywa vile vingine. Vinatosha."

Nikamwambia havitoshi. Kasema mimi mpishi.

Ni kweli, mimi mpishi. Nikaliloweka koti kwenye jiki. Limetakata. Limekuwa jeupe kuliko lilivyonunuliwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Madam kaniuliza, tukiwa wawili: Mzee anakunywa dawa?

Nikasema anakunywa.

Sijui kwa nini. Najua. Barua ya onyo ilikuwa njiani kwa ajili ya kule kunusa, na Mzee amebakiza safari fupi. Sikutaka kuongeza. Na nilitaka kuwa upande wa wanaocheka, si wa wanaobandika karatasi. Hiyo ya pili ndiyo kubwa.

Jumatano, 30 Aprili

Mzee anatetemeka jioni. Anasema ni mvua hizi. Asubuhi mzima, anatania. Shati lake mgongoni limelowa, na leo ni baridi mpaka mimi nimevaa sweta mbili.

Homa kama mgeni. Inakuja jioni.

Kapima malaria mwenyewe. Hakuna. Kapima tena. Mtu mzima, fundi wa vimelea, anatafuta malaria kama mtu anayetafuta funguo mahali penye mwanga.

Jumanne, 6 Mei

Hakuja. Mwanawe kapiga simu: mgongo, hawezi kuinuka kitandani.

Nimekwenda kwa Madam. Nimemwambia koti, mfuko, jiki. Yote. Nilisimama kama mtoto aliyevunja mtungi. Nilijiandaa kwa makelele, nilikuwa hata na majibu.

Kafunga macho. Kasema, "Mama Upendo, ungeniambia ile siku ya koti."

Basi. Kachukua funguo za gari, kamfuata Mzee mwenyewe, kampeleka hospitali. Nilikwenda naye. Kuvuka kizingiti nikamsikia anamwita Mzee baba.

Jumapili, 11 Mei

Ndiye. Mdudu ameshuka mpaka kwenye pingili za mgongo. Madaktari wanasema angemeza vyote toka mwanzo, pengine asingefika huko. Pengine. Nimelishikilia hilo neno tangu walitamke, halinishikilii.

Mimi nimepimwa tena. Mzima. Sahani niliibeba mimi, kicheko kilikuwa changu, mgongo ni wake.

Kanisani mchungaji kamwombea "mzee wetu aliyeumia akihudumia wagonjwa." Waumini wakaitikia. Niliitikia kwa sauti.

Jumatano, 28 Mei

Madam kafuta sherehe ya kuaga. Kitenge cha sare kilikuwa kimeshanunuliwa. Nimekiweka.

Hakuna anayenusa. Ile karatasi ukutani kona imebanduka, nimeibandika upya. Hakuna aliyeniagiza.

Namuuliza kila mtu dirishani kama ana mifugo. Leo nimemuuliza mwanafunzi wa chuo anayeishi ghorofani. Kasema ana paka. Nimeandika paka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepanda Nkoaranga. Njia imelowa, utelezi, nimevua viatu kama zamani. Nilibeba sukari na majani ya chai.

Mzee kakaa barazani, fimbo mapajani. Katoka hospitali, bado yuko kwenye dawa, na safari hii mkewe ndiye anayemhesabia vyekundu. Majirani wamesema kifua kikuu. Yeye kasema waseme.

Anatembea. Toka kiti hadi jiko, toka jiko hadi kiti. Kahawa yake iko chini, ng'ambo ya mteremko, ile aliyosema miaka yote kwamba akistaafu ataishika mwenyewe. Hawezi kushuka. Anaiona juu ya migomba, majani tu. Mkewe kasema wajukuu wataipalilia.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi tangu kituoni. Yakawa mazito kuliko mimi. Nikasema, "Mzee, nilikuona na vidonge, nikanyamaza."

Katazama migomba.

"Ungesema, ningekuchukia," kasema. Kisha, "Ningekuchukia nikiwa shambani."

Tukanywa chai. Kainua kikombe, kakisogeza puani kwa mazoea. Kakishusha, kanitazama, wote wawili tukataka kucheka. Hatukuweza.

Kauliza birika lipo wapi. Nikasema uani, limepata meza yake.

Ijumaa, 27 Juni

Baridi. Meru imefunguka asubuhi, mpaka kileleni, bila wingu. Meza ya Mzee nimeifuta kwa dawa, nimeifuta tena. Fundi mpya anaanza Jumatatu.

Madam alikuwa kamsumbua fundi wa Dar kwa simu tangu Mei, kutwa mara tatu kama dozi. Leo kaja. Kijana mpole, begi dogo. Nilimtengenezea chai huko uani nikijua kazi itakuwa ya siku mbili.

Chai haikupoa. Kabati linanguruma.

Ilikuwa fyuzi. Ya akiba ilikuwemo humo humo, kwenye kidroo kidogo pembeni ya plagi, chini ya kilipokuwa kitambaa changu.